Risasi Katika Mwani wa Kilambani

Katika nchi yetu, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa yenyewe haipendi kutajwa, kushuku ni wajibu wa kila raia. Mtu akikuuliza habari za asubuhi unamjibu nzuri, kisha unakaa unajiuliza kwa nini alitaka kujua. Tuna Wizara ya Utulivu ambayo kazi yake ni kutushuku sisi, na Idara ya Ukaguzi ambayo kazi yake ni kuishuku Wizara. Mimi binafsi nalala usingizi mzuri nikijua kuwa hakuna aliyesahauliwa.

Ndiyo maana mwani wa Kilambani ulipoanza kufa, hakuna kiongozi hata mmoja aliyedhani kuwa umekufa hivi hivi tu.

Kilambani ni kijiji cha pwani ambako wanawake hulima mwani. Hufunga vipande vya mbegu kwenye kamba, kamba kwenye vigingi, na kuuacha ukue ndani ya maji mafupi. Ukishakomaa huuanika, na wanunuzi wa ng'ambo huuchukua kwenda kutengenezea dawa ya meno na aiskrimu. Mlezi wa Taifa, kiongozi wetu mpendwa, aliwahi kusema redioni kuwa kila mgeni anayepiga mswaki huko kwao anapiga mswaki kwa hisani yetu. Tulipiga makofi mpaka betri za redio zikaisha.

Na kwa upande wa betri pia nchi yetu haikubaki nyuma. Shemeji yake Mlezi, Bwana Shaweji, alijenga kiwanda juu kidogo ya mkondo wa Kilambani. Betri chakavu za magari zililetwa kwa meli kutoka nchi zilizochoka nazo, zikapasuliwa, zikayeyushwa, na madini yake yakauzwa tena. Maji ya kuoshea yalishuka kwa mtaro mpaka mkondoni, na mkondo ukayafikisha baharini. Jambo hilo liliitwa uwekezaji.

Haukupita muda mrefu, mwani ukaanza kudumaa. Ncha zake zikageuka nyeupe. Kisha ukawa unakatika mikononi kama tambi zilizopikwa kupita kiasi, na mikono iliyoushika ikawasha mpaka jioni.

Mwenyekiti wa wakulima alikuwa Bi Mize binti Kombo, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya pili ya ghuba. Alichukua fungu la mwani uliokufa, akaliweka ndani ya ndoo, akaenda nalo mjini kwa Kanali Shekue, Mkuu wa Usalama wa Fukwe.

"Umekufa," alisema Bi Mize, akiiweka ndoo mezani.

Kanali aliutazama kwa mbali. "Umekufa au umeuawa?"

"Afande, mimi ni mkulima. Mwani ulikuwa mzima. Kiwanda kikafunguliwa. Mwani ukafa."

Kanali alisimama, akafunga dirisha. "Nani amekutuma uvitaje vitu hivyo viwili kwa pumzi moja?"

"Pumzi ni yangu."

"Hilo nalo tutalichunguza," alisema Kanali, na ndoo ikazuiliwa kama kielelezo.

Siku chache baadaye ilitoka taarifa rasmi. Ilisema kuwa mwani wa taifa hauwezi kufa isipokuwa kwa hujuma, na kuwa washukiwa wa kwanza ni wanawake wa Kilambani, kwa sababu wamekutwa mara kwa mara katika eneo la tukio, wakiwa na visu na kamba.

Ili kuupata ushahidi, Kanali alimtuma Koplo Vuai Mshenga ajifanye mkulima. Vuai alikuwa kijana mwaminifu aliyezaliwa bara, mbali na maji, na bahari alikuwa akiijua kwenye picha za kalenda. Alifika Kilambani amevaa shati la kiraia lililopigwa pasi kwa mistari ya kijeshi, akasema kwamba yeye ni mwananchi wa kawaida tu, ameachana na mkewe, na moyo wake unatamani mwani.

Wanawake walimtazama. Mmoja wao, Bi Raya, alimnong'oneza Bi Mize, "Shoga yangu, huyu si ametumwa?"

"Ametumwa, tena na nauli ya kurudi hakupewa," alijibu Bi Mize. "Mpeni chai."

Hawakumfukuza. Kumfukuza jasusi kungekuwa ushahidi dhidi yao. Kumkaribisha nako kungekuwa ushahidi, lakini angalau mgeni angekuwa ameshiba. Bi Mize mwenyewe alimpeleka majini, akampa vigingi na mbegu bora, akamwonyesha eneo la kulima. Lilikuwa palepale mdomoni mwa mkondo, pahali ambapo maji ya kiwanda hufikia kabla hayajafika kwa mtu mwingine yeyote.

"Hapa pazuri?" aliuliza Vuai.

"Utaona mwenyewe," alisema Bi Mize.

Vuai akalima. Mwanzoni alilima kwa amri, huku macho yake yakiwachunguza wanawake. Alipeleka taarifa kwa simu kuwa wanazungumza kwa siri, naye Kanali alipotaka kujua wanazungumza nini, akasema wanazungumza juu ya bei ya unga na mkwe wa Bi Raya. Kanali akaamuru mkwe wa Bi Raya afuatiliwe.

Lakini mtu akishaufunga mwani kwa mikono yake, kipande baada ya kipande, maji yakimfika kiunoni na jua likimchoma kisogo, hawezi kuendelea kuutazama kama kielelezo. Asubuhi moja wanawake walimkuta Vuai amechuchumaa kwenye kamba zake, anautoa uchafu kwenye mwani kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto tongotongo.

"Umeongezeka," alimwambia Bi Mize kwa furaha. "Tazama, huu haukuwa na tawi hili."

Bi Mize alitazama pembeni. Alijisikia vibaya, kwa kuwa alijua kitakachofuata.

Maji ya kiwanda yakashuka, mwani wa Vuai ukaacha kukua, ukapauka. Vuai akahamisha vigingi, akabadili kamba, akauliza kama amekosea kufunga. Mwisho aliuinua mkononi, ukakatika, ukaenda na maji. Akabaki amesimama na kikamba kitupu, kidevu kikimtetemeka. Koplo wa Usalama wa Fukwe!

"Nani kanifanyia hivi?" alisema.

"Ulitumwa umchunguze nani, mwanangu?" aliuliza Bi Mize.

"Kumbe mlijua."

"Tangu shati."

Bi Mize akamwambia aje nyumbani, kuna mtu wa kuzungumza naye. Mtu huyo alikuwa Bi Ghania, mtafiti wa mambo ya bahari aliyekuwa amechukua maji ya mkondo na vipande vya mwani na kuvipima. Alikuwa amepeleka majibu yake wizarani, na wizara ilimjibu kuwa inamchunguza.

"Mwani hauna mizizi kama muhogo," Bi Ghania alimweleza Vuai. "Unakula kwa mwili wake wote. Kilichomo majini ndicho unachokula. Na majini humo kuna metali nzito. Kuna shaba, kuna zebaki kidogo, na kuna risasi nyingi sana. Zikishaingia ndani, ule ukijani unaotumia mwanga wa jua unaharibika. Ndipo unadumaa, unakuwa mweupe, unakatika. Na ule usiokufa unabaki na risasi mwilini, samaki wakaula, watoto wakala samaki."

"Risasi," alirudia Vuai.

"Risasi."

Vuai alitoka nje, akampigia simu Kanali. Nitayaandika mazungumzo hayo kama yalivyo, kwa sababu yalibadilisha historia ya nchi yetu kwa takriban miezi mitatu.

"Afande, nimegundua kinachoua mwani. Majini kuna risasi."

Kanali akauliza, "Nyingi?"

"Nyingi sana, Afande. Na metali nzito nyingine."

"Nzito!" Sauti ya Kanali ilishuka. "Zinatoka wapi?"

"Kiwandani kwa Bwana Shaweji."

"Yarabi. Nani mwingine anajua kuwa Shaweji ana risasi?"

Hapo ndipo Vuai alipoelewa kuwa Kanali haongei juu ya kile anachoongea yeye. Akafumbua kinywa amsahihishe. Bi Mize, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikia kila kitu, akamshika mkono.

"Umesema uongo?" alimnong'oneza.

Vuai akatikisa kichwa.

"Basi kata simu."

Akakata.

Kabla ya adhuhuri ya siku iliyofuata kiwanda kilizungukwa na vikosi. Milango ilivunjwa, mitambo ikazimwa, wapiga mbizi wakatumbukizwa mtaroni kutafuta mizinga. Bwana Shaweji alihojiwa ofisini mwake, chini ya picha ya shemeji yake.

"Ni risasi za betri!" alipiga kelele.

"Kwa hiyo unakiri," alisema Kanali. "Na betri zinapiga umbali gani?"

Shaweji aliomba kumpigia Mlezi wa Taifa. Aliruhusiwa. Lakini Mlezi wa Taifa hakuwa ametawala miaka yote hiyo kwa kuwaamini mashemeji. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza hali ya dada yake, kisha akaamuru kiwanda kifungwe na shemeji asitoke nje ya mji.

Mkondo ukatulia. Bamvua, yale maji makuu ya mwezi, likaja likaondoka, likaja tena likaondoka, na kila mara lilichukua sehemu ya uchafu kwenda nao mbali. Wanawake wakaleta mbegu mpya kutoka vijiji vingine. Vuai alifunga zake palepale mdomoni mwa mkondo, akakataa kuhamia pengine. Safari hii mwani ulinenepa, ukatoa matawi, ukawa wa rangi ya kahawia yenye afya. Siku ya mavuno yake ya kwanza alibeba gunia begani huku maji yakimchuruzika mgongoni, akaimba wimbo wa jeshi kwa maneno mengine. Wanawake walipiga vigelegele. Taarifa aliyopeleka kwa Kanali siku hiyo ilisema hali ni shwari na inachunguzwa.

Ila wapiga mbizi hawakupata mizinga. Ikaundwa Tume chini ya Waziri wa Bahari, Mheshimiwa Makungu, na Bi Ghania akaitwa kutoa maelezo.

"Wewe ndiye uliyesema kuna risasi?" aliuliza Waziri.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Risasi, yale madini. Ni sumu. Inaua mwani na inadumaza akili za watoto."

Waziri alitoa leso, akajifuta jasho.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kumbe ni sumu tu!"

Watu walicheka kwa faraja, wengine wakakumbatiana. Soda zikagawiwa. Bwana Shaweji alipewa mkono na kila mjumbe, akamsamehe Kanali mbele ya wapiga picha. Mtaalamu wa kiwanda akasimama kumjibu Bi Ghania. "Mama huyu anasema metali ni nzito," alisema. "Kitu kizito huzama. Mwani unaelea. Sasa vinakutana wapi?"

"Zimeyeyuka majini, kama chumvi," alisema Bi Ghania. "Na mwani hauna mizizi, unanyonya kwa..."

"Kitu kisicho na mizizi," alisema Waziri, "Tume hii haiwezi kukiamini." Makofi yakamzima Bi Ghania.

Koplo Vuai alifukuzwa kazi. Kosa lake liliandikwa kuwa ni kuifanya serikali ichukue hatua sahihi bila idhini. Alirudi Kilambani na begi lake. Bi Mize alimwambia chai iko mekoni.

Kiwanda kilitakiwa kufunguliwa upya kwa sherehe, na ili kumaliza maneno yote, Waziri alitangaza kuwa sherehe itafanyika ufukweni Kilambani na kwamba viongozi watakula mwani hadharani. Mnunuzi kutoka ng'ambo alialikwa ashuhudie. Alikuwa mzee mpole mwenye mkoba wa ngozi, na ndani ya mkoba ulikuwemo mkataba ambao hakutaka kuutia saini mpaka aone kwa macho.

Maofisa wa itifaki walifika maji yakiwa yamekupwa. Waliupenda mchanga ule mpana, mweupe, ulioenda mbali. Wakamuuliza Bi Mize kama meza kuu inaweza kuwekwa pale.

"Pazuri sana hapo," alisema Bi Mize. Hawakumuuliza jambo jingine, na yeye hana tabia ya kumfundisha mkubwa kazi.

Wakati wa kupika, Vuai alikuwa na wasiwasi. Kiwanda kilikuwa kimewasha mitambo siku nyingi kabla ya sherehe, kujaribu, na mwani uliokatwa ulitoka karibu na mkondo.

"Wakila je?" alimuuliza Bi Ghania.

"Sahani moja haimwangushi mtu," alisema Bi Ghania. "Taabu ni kuula kila siku."

"Hawatakula," alisema Bi Mize, akikamulia ndimu.

Achari ya mwani ikapangwa mbele ya Waziri, Bwana Shaweji, Kanali na wageni wote. Ilinukia pilipili na kitunguu. Waziri alihutubia kwa kirefu. Alisema bahari yetu ni safi kama nia ya viongozi wake, na nikamwona mnunuzi akiinua nyusi mkalimani alipomfikishia. Kisha Waziri akashika kijiko.

Akamtazama Shaweji. Shaweji alikuwa anamtazama Kanali. Kanali alikuwa anaitazama sahani yake kama alivyoitazama ile ndoo.

"Karibuni," alisema Bi Mize.

"Tangulia, Mheshimiwa," alisema Shaweji. "Wewe ndiye mgeni rasmi."

"Mwenye kiwanda ndiye mwenyeji," alisema Waziri.

"Daktari wangu amenikataza vitu vya baharini."

"Kanali?"

"Mimi leo nimefunga, Mheshimiwa," alisema Kanali, ambaye tulikuwa tumemwona akinywa chai.

Kijiko cha Waziri kilikuwa kimefika nusu ya njia. Mnunuzi alikuwa anakitazama. Wananchi tulikuwa tunakitazama. Ndipo Waziri alipopata wazo la aina ile iliyomfikisha kwenye uwaziri. Alikiweka kijiko chini, akasimama wima, akasema kwa sauti, "Wimbo wa taifa!"

Tukasimama. Bendi ikapiga, tukaimba. Ulipokwisha, Waziri alikitazama kijiko, akaamuru uimbwe tena, kwa hisia zaidi. Tukaimba kwa hisia. Kisha ukaimbwa kwa ajili ya mashujaa, kisha kwa ajili ya wawekezaji. Wakati huo maji yalikuwa yanajaa.

Yalianza kwa kulamba miguu ya meza. Yalikuwa na utando wa kijivu juu yake, kwa kuwa mtaro wa kiwanda ulikuwa unashusha. Shaweji aliyaona kabla ya wenzake. Alivuta suruali yake juu, akarudi nyuma, akapanda juu ya kiti huku bado anaimba. Waziri alipoona maji yanakaribia viatu vyake, naye akapanda. Kanali akapanda. Muda si muda meza kuu yote ilikuwa juu ya viti, mikono vifuani, wakiimba, wakitazama chini kwa hofu kama watu waliozungukwa na mbwa.

Na wanawake wa Kilambani walikuwa wamesimama palepale walipokuwa, maji yakiwafika magotini, kisha mapajani, kanga zikielea. Vuai alikuwa katikati yao.

Wimbo ulipokata pumzi, mnunuzi aliuliza kitu. Mkalimani akatafsiri.

"Anauliza kwa nini viongozi wamepanda juu ya viti."

"Mwambie ni heshima yetu kwa wimbo," alisema Waziri.

Mnunuzi aliwaonyesha wanawake kwa kidole. "Na hao?"

"Aah, hao," alisema Waziri. "Hao wamezoea."

Mkalimani alisita, kisha akatafsiri. Mnunuzi aliyatazama maji, akawatazama wanawake, akazitazama sahani ambazo hazijaguswa. Akaufunga mkoba wake. Alivua viatu, akatembea ndani ya maji mpaka alipo Bi Mize, akampa mkono, akaondoka zake.

Wiki iliyofuata redio ilitangaza kuwa Kiwanda cha Betri kimepewa likizo ya heshima, na kwamba maji ya Kilambani sasa ni safi rasmi. Tulifurahi. Moshi uliendelea kutoka kwenye bomba la kiwanda, lakini ilifafanuliwa kuwa hata aliye likizoni huvuta pumzi.

Vuai alikuwa wa kwanza kukimbilia kwa Bi Mize na habari hiyo. "Serikali imesema ni safi. Tupande?"

"Nimesikia ilivyosema," alijibu Bi Mize. "Tungoje mwani nao useme."

Akafunga kipande kimoja cha mbegu mdomoni mwa mkondo. Kingine akampa Bi Ghania akifunge nyuma ya rasi, mbali, ambako mkondo haufiki. Wanawake wote walikuwa wakienda kuvitazama, hawamwamini mtu, hata Bi Mize hawakumwamini, wakataka waone wenyewe. Kile cha nyuma ya rasi kilitoa matawi. Kile cha mkondoni, Vuai alikiinua mbele yao kwa vidole viwili. Ncha ilikuwa nyeupe. Aligusa kidogo tu, kikakatika.

Bi Raya ndiye aliyeanza kung'oa vigingi.

Walikodi gari la ng'ombe, wakapakia kamba, vigingi na mbegu zilizofunikwa kwa magunia mabichi, wakashika njia ya kwenda nyuma ya rasi. Vuai aliswaga ng'ombe. Penye kizuizi cha barabara, mkabala na kiwanda, askari aliwasimamisha na kuinua gunia kwa ncha ya fimbo.

"Mnaupeleka wapi mwani wa taifa?"

"Likizo, mwanangu," alisema Bi Mize.

Askari alimkazia macho kwa muda, akishuku, kama alivyofundishwa. "Na unarudi lini?"

Bi Mize aligeuka akalitazama bomba la kiwanda, ambalo lilikuwa linatoa moshi mweusi, mzito, wa kutosha.

"Siku kiwanda kile kitakapoanza likizo yake," alisema, na Vuai akawaswaga ng'ombe.